Nimeediti peke yangu wiki tatu, sasa wanasema tugawane maksi sawa

Shikamoo Anti,

Naandika hii saa nane usiku, laptopu iko pembeni inarenda video, imefika asilimia 41 na feni inalia kama inataka kuruka, kwaiyo nina muda wa kukueleza vizuri. Samahani itakuwa ndefu. Nimeshindwa kumwambia mtu yeyote darasani kwa sababu kila mtu pale ana rafiki yake kwenye grupu letu.

Iko hivi. Tulipewa asaimenti ya grupu, watu watano, tutengeneze video ya promo ya sekunde 90 ya kuitangaza kozi yetu kwa wanafunzi wapya, pamoja na vipande vitatu vya wima vya sekunde 15 vya watu wa kuangalia kwenye simu. Wiki sita. Lekchara alisema asilimia 60 ya maksi ni video yenyewe na 40 ni jinsi tulivyofanya kazi, halafu mwishoni kila mtu anajaza fomu ya siri, anagawa pointi 100 kwa wanagrupu wote na yeye mwenyewe akiwemo, na hizo pointi zinaweza kukupandisha au kukushusha. Dedilaini ni Ijumaa hii.

Tukagawana kazi. Kiongozi wa grupu, mwandishi wa skripti, mpiga kamera ambaye ni rafiki yangu kabisa toka wiki ya kwanza chuoni, mtu wa sauti, na mimi wa kuediti. Kwenye karatasi ilionekana poa sana.

Tulishuti siku tatu, mi siku mbili za kwanza sikuwepo, nilikuwa na mtihani wa somo lingine. Sasa ngoja nikwambie nilichopokea. Kamera kubwa iko fremu 25 kwa sekunde, yaani picha 25 kila sekunde, simu iliyotumika kama kamera ya pili iko 30, na sio 30 ya kweli, ni ile ya simu inayopanda na kushuka yenyewe. Sauti imerekodiwa pembeni kwenye rekoda. Nikioanisha, mwanzo wa klipu inakaa vizuri, nikifika dakika ya nane mdomo unasema sasa hivi na neno linakuja baadae. Usiku mbili Anti, usiku mbili nzima nabadilisha klipu moja moja kwenye HandBrake, ile programu ya kugeuza video, ili fremu zitulie ndo nianze upya. Intavyuu iliyoshutiwa kwa simu peke yake, mwanga unapepesa mwanzo mpaka mwisho kwa sababu mtu aliweka shata, yaani muda wa kila fremu kupokea mwanga, 1/60 ya sekunde akaiacha hapo. Na intavyuu ya tatu, ile bora kuliko zote, maiki ya kifuani inasugua mtandio dakika nne nzima, na kwenye picha tulizopigana siku ile namuona mtu wa sauti hedifoni ziko shingoni. Shingoni!

Jumla nilipewa masaa mawili na dakika 20 za 4K, video za ubora mkubwa na faili nzito, nikaziangalia zote peke yangu, nikaandika kila klipu ina nini peke yangu, nikakata peke yangu. Mtu wa sauti tangu tumalize kushuti amepotea, meseji zangu zina tiki mbili za bluu na jibu hamna. Mwandishi wa skripti alileta kurasa mbili, zisingeingia kwenye sekunde 90 hata usome kama unafukuzwa na mbwa, nikapunguza nusu. Siku moja alikuja akakaa pembeni yangu akasema mwanzo haujakaa sawa, tungeanza na sura ya yule dada wa mwaka wa tatu badala ya kuanza na jengo. Nilikuwa sijalala, nikamjibu laptopu moja haieditiwi na watu wawili. Hakurudi tena. Kiongozi yeye alichofanya ni kuandika barua za ruhusa, kukimbizana na watu wasaini fomu za kukubali kuonekana, na kila asubuhi kuniuliza "imefikia wapi?" Kila asubuhi Anti.

Wiki iliyopita tukaonyesha vesheni ya kwanza idarani. Wamependa, mkuu wa idara kaomba irudiwe. Kiongozi akasimama akasema "tumehangaika usiku na mchana". Tumehangaika nani? Mimi nimekaa nyuma nimeshika chaja. Jioni yake akatuma orodha ya majina ya kuweka mwisho wa video, juu kabisa Mwongozaji, jina lake. Chini kabisa Wahariri, jina langu NA la mtu wa sauti. Hapo nililia, sikufichi.

Afu kwenye grupu la WhatsApp mtu akaandika jamani kwenye fomu tupeane 20 20 wote, tusichomane. Wote wakakubali. Na mimi nikaweka dole gumba. Sijui kwa nini niliweka, nadhani nilichoka.

Sasa nimetengeneza vesheni ya 7. Mwishoni ina majina mawili tu, langu na la rafiki yangu wa kamera. Na fomu nimeijaza kwa penseli, mimi 70, rafiki yangu 20 kwa sababu ana mfadhili anayeangalia maksi zake siwezi kumuumiza, kiongozi 5, mwandishi 5, sauti 0. Bado sijatuma chochote. Nitume hivyo? Nimfuate lekchara ofisini? Au niweke 20 20 niendelee na maisha? Nikinyamaza nitaumia, nikisema nitakaa mwaka mzima darasani na watu wanaonichukia, na bado hivyo vipande vya wima sijavigusa. Kazi yote nimefanya mimi, kila kitu kiko kwenye laptopu yangu, wao hawana hata faili moja.

Mhariri Asiyelala

* * *

Marahaba mwanangu.

Natumaini ile asilimia 41 ilifika mia na ukapata hata masaa mawili ya kulala. Barua yako nimeisoma mara tatu, mara ya kwanza nilikuwa upande wako moja kwa moja, mara ya tatu bado niko upande wako ila nina maswali, na nitakuuliza polepole, usinikasirikie.

Nikikuelewa vizuri, umefanya kazi kubwa ambayo hakuna aliyeiona ikifanyika, ikasifiwa mbele ya watu kupitia mdomo wa mtu mwingine, na sasa unaambiwa usaini kwamba wote mlibeba sawa. Ulishakubali kwa dole gumba na moyo unakataa. Hayo ni mambo matatu tofauti, uchovu, kutotajwa, na ahadi uliyotoa ukiwa umechoka, ila wewe umeyafunga kitambaa kimoja na unataka fomu moja iyamalize yote. Sina uhakika kama fomu ya pointi 100 ina nafasi ya kubeba vyote hivyo.

Nianze na uchovu maana hapo hatubishani. Kabla sijaingia kwenye kazi hii ya kusoma barua za watu niliwahi kukaa miaka kadhaa nakata video, kwaiyo hiyo feni naijua. Masaa mawili na dakika 20 ni sekunde 8,400. Umetoa 90. Maana yake kwa kila sekunde moja mkuu wa idara aliyoiona, kuna zaidi ya sekunde 90 ulizoziangalia ukaziacha, na nyingine uliziangalia mara tano ndo ukaziacha. Hiyo ndiyo shida ya kuediti, ukifanya vizuri haionekani kabisa, mtu anaona video inateleza tu anadhani ilishutiwa inateleza. Mpiga kamera anaonekana ameshika kamera, kiongozi anaonekana anazunguka na faili kwapani, wewe unaonekana umejifungia chumbani. Kwaiyo wenzako wanaposema "tumehangaika" huenda sio wizi wa makusudi, huenda kweli hawajui kilichotokea ndani ya kile chumba. Ulishawahi kuwaambia? Namaanisha kuwaambia kwamba sauti ilikuwa inaachana na mdomo na ulikesha usiku mbili kwenye HandBrake. Kwenye barua yako umeniambia mimi. Sijaona mahali ulipowaambia wao. Kiongozi kila asubuhi alikuuliza imefikia wapi, ningependa sana kujua ulikuwa unamjibu nini.

Sasa hapo kwenye "kazi yote nimefanya mimi" ndo nataka tukae kidogo.

Hizo barua za ruhusa na fomu za kusaini umezitaja kwa haraka kama mtu anayeruka dimbwi. Lakini promo sio video ya kumbukumbu ya marafiki, ni tangazo, na mtu ambaye sura yake imewekwa kwenye tangazo bila kukubali anaweza kuja kesho akasema itoeni, na akisema hivyo vesheni zako zote saba zinarudi mezani. Yule dada wa mwaka wa tatu yumo kwenye video kwa sababu kuna mtu alimfuata na karatasi na kalamu. Kukimbizana na watu, kupanga siku, kuomba vyumba, kuuliza imefikia wapi, hiyo ni kazi na ina jina lake, ni kazi ya mtayarishaji. Kwaiyo kwa macho yangu kiongozi wako kajipa cheo kisicho chake, ndio, ila chake halisi kipo na sio kidogo. Hiyo ni habari tofauti kidogo na "hakufanya kitu", na labda ni rahisi zaidi kuiongelea, kwa sababu unaweza kumwambia weka Mtayarishaji badala ya Mwongozaji bila kumvua nguo.

Na mwandishi? Nimemfikiria huyu kuliko wote. Alileta kurasa mbili ndefu, sawa, waandishi wengi huwa hivyo, hawajui sekunde 90 ni fupi kiasi gani mpaka wapigiwe saa. Lakini maswali ya intavyuu alitunga nani? Maana jibu zuri mara nyingi linatokana na swali zuri, na kama ni yeye aliyetunga basi ile intavyuu unayoita bora kuliko zote ina mkono wake. Halafu ndiye peke yake aliyekuja mlangoni. Alikaa, akaangalia, akakupa wazo. Wazo la kuanza na sura ya mtu badala ya jengo sio la mtu mvivu, mi ningelijaribu hata kwa dakika kumi nione. Ukamjibu laptopu moja haieditiwi na watu wawili. Nakuelewa, usingizi ukikosekana hata salamu inakera. Lakini ukisema peke yangu, peke yangu, peke yangu, mara tatu kwenye sentensi moja, nashindwa kutouliza, peke yako waliokuacha ni wangapi na uliyemfungia mlango ni nani?

Unasema wao hawana hata faili moja kana kwamba hilo ni kosa lao. Najua 4K ni nzito, kamera ikirekodi megabiti 100 kwa sekunde tu, saa moja inakula gigabaiti 45, yenu inapita gigabaiti 100, huwezi kuituma kwa bando la mwanafunzi hata mchange. Ila programu nyingi za kueditia, hata DaVinci Resolve ya bure, zinakutengenezea proksi, nakala ndogo nyepesi za zile klipu, na faili la projekti lenyewe lisilobeba video ndani huwa dogo kabisa, linapita hata kwenye imeili. Mtu mwingine angeweza kukaa na hizo nyepesi akakata rasimu ya kipande kimoja cha wima wewe umelala. Labda hukujua. Labda ulijua ila ulihofia wataharibu. Labda, na hili nalisema kwa upendo kwa sababu nimelifanya mwenyewe, kuna utamu fulani wa kuwa mtu pekee mwenye laptopu, unalalamika na hapohapo hutaki mtu aguse.

Tuje kwenye namba zako za penseli. Rafiki yako wa kamera umempa 20. Lakini kwa barua yako mwenyewe, kamera mbili zenye fremu tofauti ni eneo lake, simu isiyofungwa fremu ni eneo lake, shata ya 1/60 ni eneo lake. Taa za umeme wa hezi 50 zinafifia na kuwaka mara 100 kila sekunde, ukiweka 1/50 kila fremu inakusanya mwanga mara mbili kamili picha inatulia, ukiweka 1/60 inakusanya mara moja na kipande ndo ule mpepeso unaouona. Ni mtego unaonasa watu wengi sana, simlaumu, na kwa kweli jioni moja ya kujaribu vifaa kabla ya kushuti, mpiga kamera na mhariri mkiwa pamoja, ingeuonyesha. Siku mbili za kwanza hukuwepo, kwa sababu nzuri, ila nao wangeweza kusema mhariri hakuja. Ninachouliza ni hiki tu, aliyekupa usiku mbili za HandBrake amepata 20, na aliyekuja kukaa pembeni yako amepata 5. Hizo namba zinapima kazi, au zinapima nani unampenda na nani alikukera? Lekchara akikuuliza kwa nini 5, utamjibu nini?

Mtu wa sauti sina cha kumtetea kwenye zile hedifoni. Hedifoni shingoni ni mkufu. Na tiki za bluu bila jibu wiki tatu zinauma, hilo lako ni halali kabisa. Ila hata huyo sijui kinachomfanya anyamaze. Wapo wanaonyamaza kwa uvivu, wapo wanaonyamaza kwa sababu wanajua waliharibu na wanaona aibu kufungua meseji, na kwa tiki peke yake huwezi kuwatofautisha.

Sasa njia. Ukiweka 20 20 kama mlivyokubaliana, amani ipo, hamna wa kukununia. Hasara yake unaijua, utaandika kwenye karatasi kitu unachoamini sio kweli, na lile donge litahamia kwenye asaimenti ijayo na mtu mwingine asiyehusika. Kuna watu wanaweza kubeba hilo wakasahau ndani ya wiki, kuna wasioweza. Wewe unajijua kuliko mimi.

Ukiweka 70, fikiria fomu tano zikiwa mezani kwa lekchara. Nne zimeandika 20 kila mahali, moja imeandika mimi 70. Wewe ungemwamini nani? Huenda akakuita akakusikiliza, huenda akaona kuna mmoja anajipendelea, na maksi zikipanda na kushuka wenzako watapiga hesabu tu, siri ya fomu ya watu watano ni nyembamba mno. Na lile dole gumba bado liko kwenye grupu, na saa yake. Sio kwamba mtu haruhusiwi kubadili mawazo. Kuna tofauti kati ya kuandika mapema kwenye grupu "jamani nilikubali ila nimefikiria, sitaweza kuweka 20 wote, nitaandika ninavyoona", na wao kuja kugundua wenyewe. Utanuniwa vyote viwili, lakini manung'uniko yake hayafanani.

Kumfuata lekchara inawezekana pia, asilimia 40 ni ya namna mlivyofanya kazi kwaiyo ana sababu ya kutaka kujua. Wiki hii ya mwisho, ukienda na hasira itasikika kama kesi, na atakuuliza kwa nini hukuja wiki ya nne. Ukienda na vitu, vesheni zako na tarehe zake, ile orodha ya klipu uliyoandika, maelezo ya tatizo la sauti na ulivyolitatua, hiyo ni ripoti ya kazi hata kama hujamtaja mtu yeyote. Nadhani hiyo orodha ya klipu ina thamani kuliko unavyoijua, wengi hawaandiki.

Vesheni ya 7 ndiyo inayonitia wasiwasi kidogo, nikwambie ukweli. Fomu ni maoni yako, unayo haki nayo. Majina mwisho wa video ni kitu kingine, yanasema nani alikuwepo, na ukitoa jina la aliyeomba ruhusa na la aliyeandika yale maneno, video inasema uongo mbele ya idara nzima, uongo uleule uliokuliza wewe ulipofanyiwa. Na sio rahisi kurudisha ikishasambaa. Nakuachia hapo, ila ningependa kabla ya kuituma uiangalie mara moja ukiwa umelala na kula, majina yale mawili yanapopita, usikie tumbo linasema nini.

Kuna kitu kingine nimekiona mwisho wa barua ukakipita mbio, vile vipande vya wima bado. Mna siku tatu nne. Ukikata wima kutoka picha ya kulala unabaki na chini ya theluthi moja ya upana, kwaiyo kila shoti mtu achague upya nani anabaki kwenye fremu, ni kazi ya macho na uvumilivu zaidi kuliko ufundi, na kwa kuwa mlishuti 4K picha itatosha bila kupasuka. Hiyo kazi inaweza kufanywa na mtu ambaye sio wewe, hata kwa simu, ukimpa vipande ulivyokwisha kata. Mwandishi mmoja, mtu wa sauti kimoja, na umwambie kwa sentensi yenye siku na saa, sio "mnisaidie". Wakifanya, namba zako za penseli zitabadilika zenyewe. Wasipofanya, utakuwa umewafungulia mlango na wameuona, na hapo hata kuandika 0 mkono hautatetemeka kama sasa. Hatari yake ni kwamba kikija kibovu utakesha tena kurekebisha, kwaiyo waambie Jumatano, usiwaambie Alhamisi usiku.

Na kiongozi, kama utapata nguvu ya mazungumzo moja tu wiki hii, mi ningeona hiyo ndiyo yenye uzito, wawili tu, bila grupu. Mwambie ulivyosikia pale idarani ukiwa umeshika chaja. Usianze na maksi. Anaweza kujitetea, anaweza kukuambia na yeye alikuwa analala akiwaza kama utamaliza maana ulikuwa humjibu. Vyote utakuwa hukuvijua.

Uniandikie baada ya Ijumaa, nataka kujua video ilianza na jengo au ilianza na sura ya yule dada.

Halafu jambo moja la haraka, kabla hujafanya lolote katika haya. Barua nzima umetaja laptopu mara kadhaa na sijaona mahali umetaja nakala ya pili. Leo usiku tafuta diski ya nje, ya kuazima hata kwa kiongozi, unakili folda nzima. Ukiipata iwe imefomatiwa exFAT, hiyo ni namna ya kupanga faili kwenye diski, maana namna ya zamani ya FAT32 haipokei faili linalozidi gigabaiti 4 na klipu zenu ndefu zitagoma.